Mume yuko Perth, mimi na watoto tuko nyumbani: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 32. Mume wangu yuko Perth, huu ni mwaka wake wa nane, na uraia wa Australia aliupata miaka miwili iliyopita. Alifika kule kupitia mke wake wa kwanza, baadaye wakaachana. Sisi tulifunga ndoa miaka mitatu iliyopita, imesajiliwa serikalini, na tuna mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Ninaye pia binti wa miaka 9 niliyempata kabla sijakutana na mume wangu. Baba yake yupo, ila hatoi matunzo. Mume anataka niende na watoto kwa viza ya matembezi, tukishafika tuombe ya kudumu tukiwa huko huko, anasema ndiyo haraka. Shemeji yangu anasema nitarudishwa uwanja wa ndege. Nani yuko sahihi, na tuandae karatasi gani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Katika ubishi huu shemeji yako yuko karibu na ukweli kuliko mumeo, ingawa sababu aliyotoa siyo. Mtu harudishwi kwa kuwa tu ni mke wa mtu. Tatizo liko kwingine, na nitalifikia.

Viza ya mwenza ya Australia ina milango miwili. Aliye nje ya nchi wakati wa kuomba hupitia viza namba 309, ambayo ni ya muda, pamoja na namba 100, ambayo ni ya kudumu. Aliye ndani ya nchi hupitia 820 na 801. Mlango wowote utakaoingilia, unaomba hatua zote mbili kwa pamoja na unalipa mara moja. Kwa kawaida hatua ya kudumu huangaliwa miaka 2 baada ya siku uliyowasilisha maombi.

Mumeo hajakosea kuuona mlango wa ndani kuwa mtamu. Anayeombea ndani hupewa viza ya mpito, hubaki na familia yake akisubiri, na anaweza kujiandikisha Medicare, yaani bima ya afya ya serikali. Nani asingependa? Lakini ili uufikie mlango huo lazima kwanza uingie nchini kwa viza nyingine, na hapo ndipo watu wengi huumia. Viza ya matembezi, ile namba 600, mara nyingi hutolewa ikiwa na sharti namba 8503. Maana yake, ukiwa ndani huruhusiwi kuomba viza nyingine karibu zote mpaka utoke. Kuliondoa sharti hilo ni kazi ngumu, na sababu ya kwamba mume wangu yuko hapa haitoshi. Nimeona familia zikitua na mabegi sita, kisha zikagundua namba hiyo kwenye barua ya viza wiki ya pili, wakati nyumba waliyotoka imeshapangishwa mtu mwingine.

Halafu kuna suala la ukweli. Fomu ya matembezi inakuuliza unakwenda kufanya nini na utarudi lini. Ukiandika wiki sita ilhali umeshaaga ukoo mzima, umeweka uongo kwenye faili ambalo afisa wa viza ya mwenza atalifungua. Viza yako inategemea kuaminika kwako na mumeo. Usiianze hivyo. Hata kama matembezi yenyewe yangekataliwa tu, kukataliwa huko utatakiwa kukutaja kila unapojaza fomu nyingine.

Kwa hali uliyonieleza, omba 309/100 ukiwa hapo ulipo. Na kuna jambo ambalo nadhani hamjalijua. Sheria inatambua uhusiano wa muda mrefu: kama siku ya kuomba mmekuwa wenza kwa miaka 3, au miaka 2 na mna mtoto wenu, wanaweza kukupa ya kudumu mara moja bila kukusubirisha ile miaka miwili. Wewe una vyote viwili, miaka mitatu na mtoto. Si haki ya moja kwa moja, ni uamuzi wa afisa, kwa hiyo mlitaje wazi katika maelezo yenu na mliwekee ushahidi wa tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Msiache alitambue mwenyewe.

Sasa nije kwa mumeo, maana yeye ndiye mdhamini na maswali yake si machache.

La kwanza ni talaka yake. Huko Australia wanandoa hutakiwa wawe wametengana miezi 12 kabla ya kuomba talaka, na mahakama ikishaitoa haianzi kufanya kazi siku hiyo. Huanza baada ya mwezi mmoja na siku moja. Ndani ya kipindi hicho mtu bado ana mke kisheria. Kama ninyi mlifunga ndoa ndani ya kipindi hicho, au mlitangulia kufunga wakati kesi bado inaendelea, ndoa yenu ina kasoro hata kama cheti si cha kughushi na shehe au mchungaji alikuwepo. Nimeona jambo hili likivunja maombi mazuri kabisa. Dawa ipo, kwa kawaida ni kufunga upya kwa utaratibu au kuomba kama wenza wasiofunga ndoa, ambao hutakiwa wawe wameishi hivyo kwa miezi 12. Ila unatakiwa ulijue kabla ya kulipa ada.

La pili, kwa kuwa yeye mwenyewe aliingia kwa kudhaminiwa na mwenza, hawezi kumdhamini mwingine mpaka ipite miaka 5 tangu siku alipoomba viza yake ile. Kwa miaka aliyokaa inaonekana ameivuka, ila tarehe isomwe kwenye karatasi, kumbukumbu hudanganya. Pia mtu mmoja hudhamini wenza wawili tu maishani. Kama kuna mwingine katikati ambaye hukumtaja, au hukutajiwa, ndio wakati wa kuuliza.

La tatu ni majibu yake ya zamani. Kila fomu aliyowahi kujaza, ya viza na ya uraia, inamuuliza habari za wenza na watoto. Akikuta aliandika kitu kisicholingana na mnachotaka kuandika leo, elezeni tofauti hiyo wenyewe kabla hamjaulizwa. Kanuni inayoogopwa na kila mwombaji ni ile namba 4020: taarifa ya uongo au hati ya kughushi hukuletea kukataliwa pamoja na marufuku ya miaka 3 ya kupewa viza nyingi, na ukidanganya utambulisho wako ni miaka 10. Kuna watu hudhani cheti cha kuchonga cha mtaani ni njia ya mkato ya kurekebisha herufi moja ya jina. Herufi moja hurekebishwa kwa hati ya kiapo.

Tuje kwenye ushahidi wa ndoa, maana hapa ndipo maombi hufaulu au kufeli. Cheti cha ndoa kinathibitisha kwamba mlifunga ndoa. Hakithibitishi kwamba mnaishi kama mke na mume, na hilo ndilo afisa analolitafuta. Kanuni zinamtaka aangalie pande nne: fedha, nyumba, jamii inayowazunguka, na dhamira yenu kwa siku zijazo. Wengi hujaza upande mmoja hadi unafurika. Wanaweka picha mia tatu za harusi, kila meza na kila shangazi, kisha upande wa fedha wana risiti mbili.

Nikuoneshe ninachomaanisha. Chukua siku moja ya kawaida. Asubuhi umemwandikia mumeo kwenye WhatsApp: "Mwalimu kanipigia, binti ana homa." Anajibu: "Nimetuma, angalia simu." Unarudisha: "Imefika. Nampeleka sasa hivi." Sasa weka skrinshoti ya mazungumzo hayo, chini yake weka ujumbe wa pesa iliyoingia, halafu weka kadi ya zahanati yenye muhuri. Vitu vitatu, tarehe moja. Ukurasa huo mmoja unaonesha fedha inatoka wapi, nani anabeba malezi, mnawasiliana vipi, na kwamba mumeo anamlea binti ambaye si wa damu yake. Picha ya keki haisemi hata robo ya hayo. Tafuta siku kama hizo nane au kumi, zilizotawanyika kwenye miaka mitatu, na utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko kupakia mazungumzo yote ya kila usiku. Isitoshe, kila kilichoandikwa kwa Kiswahili kinahitaji tafsiri ya Kiingereza. Ikifanyiwa Australia lazima mfasiri awe ametambuliwa na NAATI, chombo cha huko kinachothibitisha wafasiri. Ikifanyiwa nje, mfasiri aandike jina lake, anwani, simu na sifa zake za kazi hiyo. Unalipia kila ukurasa, kwa hiyo chagua.

Upande wa nyumba huwasumbua wanaoishi mbalimbali kama ninyi. Sheria haikutaki muwe chini ya paa moja muda wote. Inataka msiwe mmetengana moja kwa moja. Onesheni safari zake za kuja kwenu: mihuri ya pasi, tiketi, siku alizokaa na alikolala. Mkataba wake wa pango, kama anaishi na wenzake nyumba moja, auweke hivyo hivyo na aeleze anavyopanga kuhama mtakapofika. Nani anaamua shule ya binti, nani alichagua jina la mtoto, nani analipa maji: andikeni.

Upande wa dhamira una kitu kimoja ambacho wanaume wa kule husahau. Mwajiri wake humwekea akiba ya uzeeni kwenye mfuko, na mfuko humwuliza nani alipwe akifa. Kama jina lililoko pale bado ni la mke wa kwanza, afisa akiliona hatahitaji maneno mengi. Abadilishe, aandike jina lako, achukue barua ya uthibitisho.

Kwa upande wa jamii kuna fomu namba 888, inayojazwa na mtu mzima aliye raia au mkazi wa kudumu wa Australia anayewafahamu ninyi wawili. Tafuteni wawili kwa uchache. Ndugu na majirani wa huku wanaweza kuandika maelezo yao kwa hati ya kiapo. Shahidi mzuri ni yule anayeandika kisa, mfano: "Nilikuwa sebuleni kwake Jumapili mtoto alipozaliwa, simu ikapigwa." Barua tano zenye sentensi zile zile, hadi makosa ya herufi yanafanana, huwa mbaya kuliko kutokuwa na barua.

Kisha kila mmoja wenu ataandika historia ya uhusiano. Andikeni kila mtu peke yake, halafu ndipo mlinganishe tarehe. Niliwahi kupitia maombi ambayo mume aliandika walikutana Desemba na mke akaandika Machi. Wote walisema kweli: yeye alihesabu tangu walipoanza kuandikiana, mke alihesabu siku ya kuonana ana kwa ana. Iliwachukua sentensi moja kulieleza. Lisingeelezwa, lingesomeka kama watu wawili waliokariri hadithi kwa haraka. Wakati mwingine afisa hupiga simu kuuliza mambo madogo ya maisha yenu. Hapo usijibu unachodhani anataka kusikia. Hujui mshahara kamili wa mumeo? Sema hujui. Wake wengi hawaujui, na afisa ana ndoa yake pia.

Kuhusu watoto, nina habari njema kwa mmoja na kazi kwa mwingine.

Mtoto wa kiume huenda hahitaji viza kabisa. Alizaliwa baba yake akiwa tayari raia, basi anaweza kuombewa uraia wa Australia kwa nasaba chini ya sheria ya uraia ya mwaka 2007. Ada yake ni mia chache za dola, kisha anakatiwa pasi ya Australia. Lakini hakikisheni tarehe: baba awe alishakuwa raia siku mtoto alipozaliwa. Kama uraia ulikuja hata wiki moja baadaye, njia hii imefungwa na mtoto ataingia kwenye maombi yako. Wakitaka kipimo cha vinasaba msichukulie kama tusi, ni jambo la kawaida kabisa kwao. Na angalieni uraia wa pili unasemaje katika sheria za kwenu kabla hamjaamua.

Binti anaingia kwenye maombi yako kama mtoto tegemezi. Ugumu wake ni baba yake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kila mwenye haki ya kuamua aishi wapi lazima akubali, na kuna fomu ya hilo, namba 1229. Kutotoa matunzo hakumwondolei baba haki hiyo, hata kama sisi mtaani tungesema imemtoka zamani. Mfuate mapema, kwa heshima, ikibidi kupitia mtu mzima anayemsikiliza. Akikataa au akidai pesa, usinunue sahihi. Nenda mahakamani ukaombe amri ya malezi inayokuruhusu kuhama na mtoto. Amri hiyo huchukua muda, kwa hiyo ndiyo ianze kabla ya kitu kingine chochote. Usishawishike kumwacha binti kwa bibi bila kumtaja kwenye fomu, eti utamfuata baadaye. Watoto wote hutajwa, waendao na wabakiao, na asiyetajwa leo hugeuka kikwazo siku ya kumwombea.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Ada ya mwombaji mkuu imevuka dola 9,000 za Australia na hupanda kila tarehe 1 Julai. Mtoto hulipiwa takriban robo yake, na mkikataliwa hairudi. Maombi hufanyika kwa intaneti kwenye ImmiAccount, yaani akaunti unayofungua katika tovuti ya uhamiaji ya Australia. Cheti cha tabia njema kinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi jumla ya miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, na mumeo naye atachunguzwa na polisi kama mdhamini. Vipimo vya afya hufanywa kwa daktari aliyeteuliwa na wao tu. Ukikutwa na ugonjwa usidhani safari imekufa, kwani viza ya mwenza ni miongoni mwa zile ambazo sharti la afya linaweza kulegezwa. Mkikataliwa, mumeo anaweza kupeleka shauri Administrative Review Tribunal, baraza lililoanza kazi Oktoba 2024, ila siku za kufanya hivyo huhesabiwa tangu barua ya kukataliwa. Na mkitaka kumlipa mtu awasaidie ndani ya Australia, awe mwanasheria au wakala aliyesajiliwa. Namba yake ya usajili hukaguliwa bure kwenye mtandao. Binamu mwenye uzoefu wa kujaza fomu hayumo kwenye orodha hiyo.

Hukuuliza kuhusu maisha ya huko, ila nitaligusa. Utaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza, na kuna masomo ya Kiingereza ya bure ya serikali kwa wahamiaji. Misaada mingi ya fedha ya serikali, hata hivyo, ina muda wa kusubiri hadi miaka 4, basi mshahara wa mumeo ndio utakaowabeba. Ukihitaji mkalimani kwa simu, namba ni 131 450. Mwambie mumeo mkataba wa nyumba mpya uwe na majina yenu wawili, na ufungue akaunti yako mwenyewe ya benki. Sisemi hivyo kwa kumshuku. Lakini mke anayefika nchi ngeni akitegemea simu, pesa na gari la mtu mmoja huchoka, na mtu huyo huchoka pia. Ujue vilevile kwamba ndoa ikivunjika kwa ukatili wa nyumbani, sheria inaweza kukuruhusu kuendelea kupata viza ya kudumu. Wanawake wengi huvumilia kipigo kwa kuambiwa kwamba wakiondoka watafukuzwa nchini, na maneno hayo hutoka kwa anayepiga.

Binti ndiye nitakayemfikiria zaidi miezi ya kwanza. Mdogo wake atamzoea baba kwa wiki chache. Yeye atahamia kwa mwanamume aliyemwona kwenye simu na likizo, huku akianza shule kwa lugha asiyoimudu. Waanze kuzungumza wao wawili tangu sasa, bila wewe kushika simu.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili. Mpigie baba wa binti, ujue msimamo wake. Na mwambie mumeo akutumie picha ya hati ya talaka, uitazame tarehe iliyoanza kufanya kazi, uiweke kando ya cheti chenu cha ndoa. Talaka ikitangulia, fungueni akaunti ya maombi. Ndoa ikitangulia, msilipe hata senti, niandikie kwanza.